Mashua ya Mashindano Iliyokwisha Tumika: Mnunuzi Atazame Nini, na Mwuzaji Aseme Nini?

Wako watu wengi wanaodhani kwamba mashindano ya mashua za tanga ni mchezo wa matajiri peke yao. Wakiona matanga meupe yakizunguka maboya siku ya Jumapili husema, "Hayo ni mambo ya wenye fedha," kisha huenda zao. Wazo hili lina ukweli kidogo, maana mashua mpya ya mashindano ni ghali, na karani au mkulima mwenye watoto shuleni hawezi kuinunua bila kuiumiza nyumba yake. Lakini mashua huwa mpya mara moja tu. Baada ya hapo huuzwa na kuuzwa tena, mkono hata mkono, kwa muda wa miaka mingi, na aghalabu kila inapopita bei yake hupungua. Mlango wa mtu wa kadiri ni huo. Makala haya ni kwa ajili ya yule atakaye kuingia kwa mlango huo bila kujigonga kichwa.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki si wageni wa mchezo huu. Huko Lamu mashua za mbao hushindana mbele ya mji siku za Maulidi na siku nyingine za furaha. Chombo hushehenezwa mifuko ya mchanga, na mabaharia hupanda ubao uliotokeza nje ya ubavu ili wasipinduliwe na upepo. Mzee wa pwani anaweza kuitazama mashua ya namna hiyo ikiwa imepwelewa mchangani, akazunguka mara moja, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akakuambia imebakiwa na miaka mingapi. Maarifa hayo ni mali. Lakini mashua ndogo za mashindano za siku hizi hazijengwi kwa mbao wala mataruma. Hujengwa kwa faibaglasi katika kiwanda, na ugonjwa wake hauonekani kwa nje. Hapo ndipo watu wengi, hata wenye kuijua bahari, hupoteza fedha zao.

Ili maneno haya yasiwe ya hewani, tuchukue mashua moja iwe mfano wetu, nayo ni ile iitwayo Laser.

ASILI YA LASER

Mwaka 1969 bwana mmoja wa Montreal, Kanada, jina lake Ian Bruce, alimpigia simu rafiki yake Bruce Kirby, aliyekuwa mwandishi wa habari za mashua na mchoraji wa vyombo. Alitaka mchoro wa mashua ndogo ambayo mtu angeweza kuibeba juu ya motokaa yake. Kirby alianza kuichora wakati wa mazungumzo yale yale. Mashua ya kwanza ilishindanishwa Oktoba 1970 katika jimbo la Wisconsin, Marekani, na mwaka 1971 zikaanza kuuzwa kwa watu wote. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Bermuda mwaka 1974. Tangu hapo zimejengwa zaidi ya 200,000, na zimefika katika maji ya mabara yote yakaliwayo na watu, pamoja na pwani yetu ya Bahari ya Hindi.

Mwaka 1996 mashua hiyo iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta, na Robert Scheidt wa Brazili akatwaa medali ya dhahabu. Tangu mwaka 2008 wanawake nao hushindana humo kwa mwili ule ule wa mashua, lakini wenye tanga dogo zaidi. Jirani zetu wa Shelisheli wamekwisha peleka mabaharia wao Olimpiki katika mashua hiyo hiyo. Mwaka 2019, kwa sababu ya mabishano juu ya haki za jina na za ujenzi, chama cha mashua hizo kilianza kuziita ILCA. Kwa hiyo msomaji akikuta jina moja au jingine, ajue kwamba umbo la mashua ni lile lile.

Mashua yenyewe ina urefu wa mita 4.2 hivi, na mwili wake mtupu una uzito wa kilo 59 hivi. Ina tanga moja, mlingoti wa vipande viwili vilivyochomekwa, usukani, na ubao wa kati ambao hushushwa majini ili mashua isisukumwe upande. Huendeshwa na mtu mmoja. Iko katika namna tatu: tanga kubwa lina eneo la mita za mraba 7 hivi, la pili lina 5.76, la tatu, la vijana wepesi, lina 4.7. Kinachobadilika ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti tu. Basi baba mwenye mwili mnene, na binti yake mwembamba, wanaweza kuutumia mwili mmoja wa mashua, kila mtu na tanga lake.

KWA NINI MASHUA KUUKUU YAWEZA KUSHINDA

Shabaha kubwa ya mashua za namna hii ni kwamba zote ziwe sawa. Mtu haruhusiwi kuchonga usukani wake upya, wala kuongeza tanga, wala kununua mlingoti wa ajabu. Katika Olimpiki wenyeji wa michezo ndio wanaotoa mashua, ili mtu asije na chombo cha siri kutoka kwao. Kwa hiyo anayeshinda hushinda kwa kuujua upepo, kwa nguvu za tumbo na mapaja anapojitupa nje ya ubavu, na kwa kubisha kwa wakati unaofaa.

Maana yake kwa mtu wa fedha chache ni kubwa. Mashua ya miaka kumi na mitano, ikiwa kavu na ngumu, inaweza kwenda karibu sawa na ile iliyotoka kiwandani mwaka huu. Hakuna mchezo mwingi wa vyombo ambao kijana wa kazi ya mshahara anaweza kushika chombo kuukuu akampita mwana wa tajiri kwa haki. Lakini ahadi hiyo ina sharti lake, nalo limo katika maneno yale mawili: kavu na ngumu. Mashua isiyokuwa hivyo ni mzigo, hata ikiwa imepakwa rangi ikang'aa kama kioo.

ADUI ALIYEJIFICHA

Wahenga walisema, "Tezi na omo, marejeo ni ngamani." Katika mashua ya mbao maji yote yaingiayo hukusanyika ngamani, na baharia huyaona akayakumba. Mbao zikilegea, fundi huzikalafati kwa pamba na mafuta, kazi ikaisha. Ugonjwa uko wazi, na dawa yake inajulikana.

Laser haina ngama ya kutazamwa. Ni maganda mawili ya faibaglasi, moja la chini na moja la sitaha, yaliyounganishwa ukingoni kwa gundi. Katikati yake ni uvungu uliofungwa, wenye vifaa vyepesi vya kuizuia isizame. Chini ya sitaha mna tabaka la povu gumu lililobanwa kati ya faibaglasi mbili ili sitaha iwe nyepesi na imara. Maji yakipata ufa mwembamba kama unywele huingia mle uvunguni yakakaa. Yakidumu, hulitenga lile povu na faibaglasi yake, na sitaha hulainika kama mkate uliolowa chai.

Tufanye hesabu ndogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita sita zilizojificha ndani ya mashua ya kilo 59 zimeongeza sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ni kama mkimbiaji aliyefungiwa jiwe mgongoni. Tena maji hayo hayatulii. Mashua ikiinama hukimbilia upande ulioinama, nayo huwa rahisi kupinduka na nzito kuinuliwa. Baharia hujilaumu kwamba hana ustadi, kumbe amebeba abiria asiyemwona.

JINSI YA KUIKAGUA

Mkulima hodari hanunui ng'ombe kwa kutazama ngozi. Humtazama meno, humpapasa kiwele, humtembeza aone miguu. Mnunuzi wa mashua na afanye vivyo hivyo, kwa utaratibu, wala asione haya mbele ya mwuzaji. Aende mchana, si jioni, na mashua iwe imeoshwa na imekauka.

Kwanza, aipime uzito ikiwezekana, baada ya kuvua kila kitu kinachovuliwa. Kama mizani haipo, watu wawili waiinue mbele na nyuma, kisha waiinue nyingine ya namna hiyo hiyo, walinganishe. Wakati wa kuiinua wasikilize: maji yakichezacheza ndani husema yenyewe. Halafu kifunguliwe kizibo kilicho tezini, omo iinuliwe juu, waone kitakachotoka. Matone machache si ajabu. Mfereji ni habari nyingine.

Pili, aibonyeze sitaha yote kwa viganja, kidogo kidogo, hasa kuzunguka mlingoti na pande mbili ambapo baharia hukaa. Sitaha nzima hukataa kama meza. Ikibonyea na kurudi, au ikilia kwa ndani, povu limetengana. Kasoro hii inaweza kutengenezwa, lakini si kazi ya nusu saa wala ya mtu asiye fundi.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, alitazame tundu la mlingoti. Mlingoti wa Laser haufungwi kwa kamba za pande. Husimama peke yake katika tundu lile, na nguvu zote za tanga hukusanyika hapo. Mchanga ukiingia tunduni husagwa na mlingoti, na kila safari husaga sakafu ya tundu kama jiwe la kusagia. Basi mnunuzi alijaze tundu maji hadi ukingoni, atie alama, kisha akakague sehemu nyingine. Akirudi baada ya robo saa akakuta maji yamepungua, ajue kwamba yameingia uvunguni. Tundu lililooza linaweza kung'oka pamoja na kipande cha sitaha siku ya upepo mkali, na baharia akabaki katikati ya maji bila tanga.

Nne, aipindue mashua aone tumbo lake. Asimame upande wa omo, ainame, atazame jinsi mwanga unavyolala. Mashua iliyowekwa muda mrefu juu ya magogo au juu ya gari lisilofaa huwa na mabonde tumboni. Mikwaruzo midogo si kitu; bonde au ufa mrefu ni jambo la kuuliza. Vile vile achungulie ndani ya kijaluba cha ubao wa kati, maana mashua ikipigwa na mwamba ubao ukiwa chini, pigo lote hufika hapo.

Tano, kama bado ana shaka, kuna njia rahisi ya kutafuta ufa. Lizibwe tundu dogo la kupumulia lililo ndani ya shimo la kukalia. Mtu mmoja apulize kwa kinywa chake katika tundu la kizibo, na mwingine apake maji ya sabuni penye maungio yote. Penye ufa povu litatokea. Asitumie pampu ya kujazia magurudumu, maana nguvu yake yaweza kuyapasua maungio yaliyokuwa mazima.

MLINGOTI, TANGA NA MBAO

Mwili ukiisha kukaguliwa, avitazame vyombo vyake. Kipande cha juu cha mlingoti akiviringishe juu ya meza iliyonyoka. Kikirukaruka, kimepinda. Mlingoti hujipinda wakati wa upepo na kurudi, ndivyo ulivyokusudiwa. Lakini uliopinda usirudi umeanza kuchoka. Atazame sana mahali ilipopigwa ribiti karibu na maungio ya vipande viwili, maana milingoti mingi huvunjika hapo. Pia atazame penye vyuma vilivyogusana na alumini. Maji ya chumvi yakikaa kati ya madini mawili huila alumini, ukaonekana unga mweupe na vipele. Unga kidogo husafishwa. Alumini iliyoliwa haina dawa ila kubadilishwa.

Tanga lisipimwe kwa weupe wake. Tanga jipya lina ugumu, likikunjwa hulia kama karatasi. Lililochoka ni laini kama shuka. Kwa kujifunzia tanga laini linafaa kabisa, na mwanafunzi hana haja ya kulia machozi. Lakini kwa mashindano ni hasara ya mwendo. Tena yako matanga ya bei nafuu yaliyoshonwa kwa kuiga. Ni mazuri kwa mazoezi, lakini hayakubaliwi katika mashindano ya chama, kwa sababu chama hutaka matanga yatoke kwa watengenezaji walioidhinishwa. Mwuzaji na aseme waziwazi ni lipi kati ya hayo mawili.

Ubao wa kati na usukani vitazamwe kwa kufumba jicho moja, kama seremala atazamavyo ubao wake. Vilivyoachwa juani hupinda. Kana isichezecheze mkononi, wala usukani usilegee kwenye pini zake. Kamba na gofia ni vitu vidogo, lakini vikihesabiwa pamoja bei yake humshangaza mtu.

NAMBA NA HATI

Kila Laser ina namba yake iliyotiwa mwilini tangu kiwandani, ama karibu na omo ama tezini. Namba hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Ilinganishwe na namba iliyo kwenye tanga. Zikitofautiana, sababu iulizwe. Huenda tanga ni la mashua nyingine tu, lakini huenda pia mashua ina historia isiyotajwa. Mnunuzi anayekusudia kushindana atazame pia kibandiko cha idhini kilicho nyuma ya shimo la kukalia. Mashua iliyojengwa na mtu asiye na idhini inaweza kuelea vizuri sana, lakini haitapokewa katika mashindano ya chama.

Mkataba wa kuuziana usiwe wa maneno matupu. Karatasi moja yatosha: majina ya wawili, tarehe, namba ya mashua, orodha ya vifaa vinavyokwenda nayo, kasoro zilizotajwa, na fedha zilizolipwa. Kila mtu atie sahihi yake na kuchukua nakala. Mashahidi wawili wakiwapo ni bora zaidi. Jambo hili halimaanishi kwamba wawili hawaaminiani. Kumbukumbu ya binadamu hudhoofika, na karatasi iliyotunzwa haisahau.

HESABU YA BEI

Bei anayoitaja mwuzaji si gharama ya mashua. Tuseme, kwa mfano tu, mwuzaji wa kwanza ataka sehemu 100 za fedha, iwe ni shilingi au fedha nyingine. Tanga lake limekwisha, na jipya ni sehemu 30. Tundu la mlingoti lavuja, na fundi ataka 12. Kamba na gofia ni 8. Mashua hiyo bei yake ya kweli ni 150. Mwuzaji wa pili ataka 130, na chombo chake kiko tayari kuingia majini kesho. Watu wengi hukimbilia ile ya 100 wakidhani wameokota. Yafaa mnunuzi aandike hesabu hii katika daftari kabla ya kufungua kinywa chake juu ya bei, maana mtu aliyekwisha ipenda mashua hesabu zake huwa mbovu.

Tena aulize kama kigari cha kuishushia majini kimo ndani ya bei. Pwani yetu ina mchanga na miamba ya matumbawe, na mashua inayoburutwa kwa mikono itatoboka kabla ya mwaka kwisha.

WAJIBU WA MWUZAJI

Hadi hapa nimemwambia mnunuzi. Sasa nina neno kwa mwuzaji. Wako wauzaji wanaodhani ujanja ni kupaka rangi juu ya ufa, au kuikausha mashua juani juma zima ili isionekane inavuja. Wauzaji hao hawajui biashara. Mchezo huu ni wa watu wachache wanaojuana. Mashua iliyouzwa leo itaonekana Jumapili ijayo katika maji yale yale, na aliyedanganywa atasema mbele ya wote.

Tena kuna jambo zito kuliko fedha. Mlingoti uking'oka nje ya mlango wa bandari, wakati upepo watoka bara na maji yanakupwa, mtu aweza kuchukuliwa nje hadi kina kirefu. Mwuzaji aliyeijua kasoro ile akanyamaza ameuza hatari ya roho ya mtu. Bora apunguze bei na kusema, "Bwana, tundu hili lavuja, litengenezwe kabla hujatoka." Mnunuzi wa namna hiyo atarudi kumshukuru, na atamletea wengine.

Mwuzaji mwenye busara huanza maandalizi mapema. Huosha mashua kwa maji baridi yasiyo na chumvi, huondoa kizibo ili uvungu ukauke, huifunika isipigwe na jua. Huandika katika karatasi matengenezo yote yaliyofanywa na ni fundi gani aliyeyafanya. Hukusanya vifaa vyote mahali pamoja, vilivyo vizima upande huu na vilivyochoka upande huu. Hapo bei huzungumzwa kwa upole, kwa kuwa hakuna kilichofichwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mwisho, mnunuzi aombe kuijaribu mashua majini. Avae boya la kujiokolea, achague siku ya upepo wa kadiri, na asiende peke yake wala mbali na pwani. Aende joshi, abishe mara kadhaa kulia na kushoto, kisha ageuke akimbie na upepo. Aipindue kwa makusudi penye maji ya kina cha kutosha, aiinue tena kwa kukanyaga ubao wa kati. Akirudi mchangani afungue kizibo kwa mara ya pili, aone ni maji kiasi gani yaliyoingia katika saa moja. Jibu la kizibo ni la kweli kuliko maneno ya watu kumi.

Kama hajui tanga bado, amwombe mwenye kujua aje naye, na amlipie nauli na chakula. Gharama hiyo ni ndogo mno mbele ya hasara atakayoepushwa. Ajizuie pia asiende na fedha zote mfukoni siku ya kwanza. Mtu mwenye fedha mfukoni huona kila mashua ni nzuri.

Mwenye kufuata haya huenda akatazama mashua tatu au nne na kurudi nyumbani mikono mitupu. Asinung'unike. Mashua za kuuzwa haziishi, na fedha iliyobaki katika kitabu cha benki haivuji. Siku atakapoipata iliyo kavu na ngumu, hata rangi yake iwe imefifia na tanga lake liwe na viraka, na ainunue kwa moyo mweupe, kisha aanze mara moja kazi iliyo ngumu zaidi, yaani kujifunza kuiendesha.